Lifti ya Mlima wa Nyaramba

Nilimwambia Magokoro kwamba mlimani kuna lifti. Hilo ndilo jambo la kijinga nililofanya kwanza, kabla ya yale mengine yote, na nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko lake pale Sironga, natafuna muwa, uso mkavu kama wa mwalimu wa zamu. Magokoro ni mama yake mama yangu. Maishani mwake alikuwa amepanda lifti siku moja tu, kwenye jengo fulani la Kisii mjini alikopelekwa kupimwa macho, akaipenda hadi akakataa kutoka. Ilibidi Mama apande na kushuka naye tena huku watu wakingoja mlangoni wamekunja sura. "Hiyo ya mlima ni kama ile ya Kisii?" akaniuliza. Nikamwambia ni kama ile, ila hii ina dirisha kubwa: unakaa, unafinya kidude, unaiona dunia ikibaki chini. Akaendelea kuchambua mboga zake za saga, jani baada ya jani. Halafu akasema, "Basi na mimi nitaenda." Nilidhani anatania. Mimi na yeye tulikuwa watu wa kutaniana tangu nizaliwe.

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Pili, mwaka ambao shule ilinituma nyumbani kumleta mzazi mara nyingi hata mlinzi wa langoni akaanza kuniita mgeni wetu. Sasa niko Kidato cha Nne, na watu wanasema nimetulia. Sijatulia, ila nina mitihani. Likizo iliyopita nilipofika Sironga, Magokoro alitoka nje, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa pua, akasema, "Pua kama hii ni ya mume wangu tu." Jina langu, Ondieki, ni la marehemu babu, kwa hiyo mimi ni mume wake, na hunidai sabuni na mafuta ya kujipaka kama mke yeyote. Lakini siku hiyo alinitania bila kuniona. Macho yote mawili yamezima. Nilisimama pale nikipapaswa, na mlima ule ukanirudia kichwani wote mzima, pamoja na upepo wake.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la mama mdogo Kerubo, anayeishi Nairobi, na mumewe, baba mdogo Mutua, mtu wa Machakos. Walikodi nyumba ya mbao ubavuni mwa mlima, juu ya Nyaramba, wakatangaza kwamba Desemba hiyo tutakwenda likizo ya familia na wanandoa. Kwetu mlima ni mahali mbuzi anapotelea. Hakuna aliyewahi kusikia mtu mzima, mwenye shamba na akili, akihama nyumba yake kwenda kulala mlimani ili afurahi. "Tunaenda kufanya nini huko?" Baba akauliza. "Kupumzika, shemeji," mama mdogo akamjibu. Baba akautazama mlima kwa mbali, kisha akamtazama yeye. "Kupumzika na kupanda mlima vimekuwa kitu kimoja tangu lini?" Alikubali tu kwa sababu Mama alikuwa ameshafua nguo za safari na kuzikunja. Aliposikia kwamba Magokoro naye anakuja, aliweka kikombe chini, akatoka nje, akaenda kuzungumza na ng'ombe.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho hata baba mdogo Mutua ilibidi aelezwe. Kwetu kuna ensoni. Ni aibu na heshima zilizofungwa katika furushi moja, na hakuna anayebeba furushi zito kuliko mwanamume na mama mkwe wake. Tangu Baba amwoe Mama, hajawahi kumshika Magokoro mkono, hajawahi kula akimtazama, hajawahi kumwita jina lolote. Wakikutana njiani, Baba huingia katikati ya majani chai, husimama humo kama mtu aliyesahau kitu, mpaka bibi apite. Magokoro naye huvuta leso usoni na kutazama upande wa pili. Wakitaka kuambiana jambo, hutafuta mtu wa kati, na mtu huyo, tangu nijue kuongea, ni mimi. Baba mdogo Mutua, ambaye hakufundishwa hayo kwao, alishuka kwenye gari siku ya kwanza akamkumbatia bibi na kumwita "Mum." Magokoro alisimama wima katika kumbatio hilo kama nguzo ya stima. Baadaye akaninong'oneza, "Huyu wa Kerubo ni mzuri, lakini hakulelewa."

Nyumba ile ilikuwa na harufu ya mbao mbichi na moshi wa kuni za msaragi. Kuta zake zilikuwa nyembamba; mtu akigeuka kitandani chumba hiki, chumba kile wanajua amelalia ubavu gani. Kulikuwa na chumba kimoja cha kulia na meza moja ndefu, na mama mdogo alikuwa ametandika vitambaa, akapanga sahani zote zikitazamana. Baba alitazama meza hiyo mara moja, akachukua sahani yake ya ugali wa wimbi na saga, akaenda barazani. Mimi nikawa mhudumu wa pande mbili. "Muulize huyo mtu wa nje kama ameongezwa maziwa," Magokoro ananiambia. Natoka. "Mwambie nimeshiba," Baba anasema, na bakuli lake halina hata tone. Narudi. "Amesema ameshiba." Magokoro ananijazia kibuyu kizima cha maziwa lala. "Mpelekee." Kwa sababu ya baba mdogo Mutua tuliongea Kiswahili safari nzima, na Kiswahili cha Magokoro kilikuwa kama barabara ya kwetu wakati wa mvua, lakini kilifika kilikokuwa kinakwenda.

Baba mdogo Mutua alikuwa na filimbi shingoni. Aliipuliza kila shughuli ilipoanza. Tulikimbia na mayai kwenye vijiko, tukavutana kamba, Mama akamwangusha mama mdogo na kucheka hadi akakaa kwenye nyasi, na mimi nikagundua kwamba sijui kicheko hicho kilikuwa kinafichwa wapi miaka yote. Kisha ikaja shughuli ya wanandoa: wanaume wafungwe macho, wawatambue wake zao kwa kushika mikono tu. Baba alikataa. Mama mdogo akamsihi, Mama akanyamaza, na kunyamaza kwake nadhani ndiko kulikomshinda. Alipofungwa kitambaa alisema, "Kwanza mhakikishe yule mama mwingine yuko nje ya chumba." Magokoro alikuwa amejifungia jikoni tangu filimbi ya kwanza. Mimi nilifukuzwa pia, maana kijana mkubwa hafai kutazama wazazi wake wakishikana, kwa hiyo nilizunguka nyumba nikatazamia dirishani.

Baba mdogo, kwa utundu ambao niliuheshimu sana, alitanguliza mkono wake mwenyewe. Baba aliugusa kwa ncha za vidole. "Huyu hajawahi kushika jembe," akasema, na chumba kikaangua kicheko. Wa mama mdogo aliuachilia haraka kama sufuria ya moto. Kisha akapewa wa Mama. Vidole vya Mama ni vya mchuma chai, vimekuwa vyeusi nchani na vimepasuka kidogo, havisafiki hata kwa limau. Baba aliugeuza mkono ule juu, akaupitishia kidole gumba, kisha akauweka katikati ya mikono yake miwili na kuinamisha kichwa, kama watu wanavyofanya kanisani baada ya amina kusemwa na wao hawajamaliza. "Huyu ni wa kwangu," akasema. Hakuna aliyepuliza filimbi. Mimi, ambaye nimewahi kucheka hata kwenye paredi ya shule wakati mwalimu mkuu anatoa habari za msiba, niliondoka dirishani mwenyewe bila kufukuzwa.

Asubuhi iliyofuata zile kuta nyembamba zikaniambia kitu kingine. Nilikuwa bado kitandani, na jikoni Mama alikuwa anamenya ndizi na mama mdogo anaosha vyombo. "Daktari amesema lile jicho lake la kulia limekwisha," Mama alisema. "La kushoto nalo linafunga. Hawezi kusema ni lini." Vyombo vikanyamaza. "Yeye mwenyewe anajua?" "Anajua. Ndiyo maana amekuja. Anataka kuona ziwa." Mama akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeongea na maganda, kwamba babu alipokuwa kijana alikwenda kufanya kibarua Kisumu, akakaa huko misimu mingi, na kila aliporudi alimwambia mkewe kwamba asubuhi, kabla ya kazi, alikuwa anasimama kando ya maji na kuutazama mlima wa kwao. Magokoro hakumwamini hata siku moja. Mlima gani unaonekana kutoka Kisumu? Alimwambia aende akawadanganye wanawake wa huko huko. "Sasa anataka kupanda aangalie kama maji yanaonekana," Mama akasema. "Anasema kama yeye anaona maji, basi mzee aliona mlima. Na huyo Ondieki amemwambia kuna njia rahisi. Njia gani? Nitamuuliza."

Nililala pale nikitazama misumari ya dari. Nilitaka kuinuka niseme ukweli, na niliinuka kweli, lakini nilipotoka nje Magokoro alikuwa tayari ameketi kwenye gari la baba mdogo, kiti cha mbele, amevaa gauni la kanisani, viatu vyeupe vya kanisani, na kilemba kipya. "Mume wangu," akaniita, "kimbia. Lifti itajaa." Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia.

Barabara iliishia kwenye kituo cha kununulia chai. Baba alikuwa ametangulia kwa miguu, maana kukaa gari moja na Magokoro hakukuwezekana, na tulimkuta kando, ametugeuzia mgongo, akitazama majani yaliyopimwa. Kuanzia hapo kulikuwa na njia nyembamba iliyopanda juu kati ya mawe na vichaka, wima kama ngazi ya kuezekea. Magokoro alishuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kichwa akikigeuza chote kwa ajili ya lile jicho moja. "Lifti iko wapi?" Wote wakanitazama mimi. Hata wanawake waliokuwa wanamimina majani kwenye magunia walinitazama, na hawakuwa wananijua. Nikasema hakuna. Nikasema nilikuwa natania tu. Magokoro hakunitukana. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliketi polepole kwenye jiwe, akatazama viatu vyake, akavifuta vumbi. "Sawa," akasema. "Nendeni nyinyi. Mtaniambia."

Baba mdogo Mutua akasema haiwezekani, leo Mum anapanda. Akachuchumaa, akampakia mgongoni kabla bibi hajajua kinachotendeka, akapuliza filimbi, akaanza. Alifika kwenye kichaka cha kwanza. Akaegemea kichaka hicho. Akakaa. "Nairobi imeniharibu," akasema akihema, na mama mdogo akamwambia siyo Nairobi, ni chapati. Mimi nikajaribu, miguu yangu ilitetemeka kama ya ndama. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kila mtu wa kwetu anajua mvua ya Desemba ikikusanyika hivyo inanyesha mchana. Ndipo Baba akaongea, akiwa bado amegeuka nyuma. "Ondieki. Muulize kama anaweza kukaa kwenye kiti."

Aliazima kiti cha plastiki kwenye kibanda cha pale kituoni, akaazima mikanda ya vikapu viwili vya chai, akakata fundo hapa akafunga pale, mikono yake ikifanya kazi nisiyowahi kumwona akifundishwa. Mgongo wa kiti ukalala kwenye mgongo wake, miguu ya kiti ikiangalia nyuma, kama kikapu kinavyokaa. Mama alielewa kabla yetu sote. Alikunja leso mara kadhaa akaiweka katikati, ili mgongo usiguse mgongo, akamfunika Magokoro miguu kwa leso ya pili. Wangekwenda hivyo: yeye akitazama mlima, bibi akitazama walikotoka, hakuna atakayeona uso wa mwenzake. Wanawake wa kituoni walishika midomo. Mmoja akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ya kusikika, kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo, mkwe kubeba mkwe. Baba aliinama, akaweka goti moja chini, aibu imemjaa hadi masikioni. Lakini aliinuka.

Sijui nisemeje kuhusu upandaji ule. Nilitembea ubavuni kama mkalimani, ijapokuwa vichwa vyao vilikuwa karibu kuliko vya wanafunzi wa dawati moja. "Mwambie tumepita mawe kubwa," Magokoro anasema. "Tata," namwambia Baba, "mmepita jiwe kubwa." "Mwambie nimelihisi." Kwa kuwa bibi alikuwa anatazama nyuma, alimwonya kila kitu baada ya kukipita. "Mwambie hapo kulikuwa na shimo." "Mwambie asante." Mama alikuwa mbele anasafisha njia kwa panga, baba mdogo nyuma ameshika miguu ya kiti, filimbi ameiingiza ndani ya shati. Na kila tulipopanda, nchi ilifunguka chini yetu. Nimezaliwa ndani ya nchi hii na nilikuwa sijaiona. Niliona mashamba ya chai yamelala juu ya vilima kama shuka mbichi zilizoanikwa, migomba katikati, mabati yakimulika moja moja kana kwamba watu wanaitana, moshi wa kiwanda ukipanda wima, mto nisioujua jina. Mwewe alipita chini yetu. Chini! Niliuona mgongo wake, rangi ya udongo, na nikasimama mdomo wazi, maana maisha yangu yote nilikuwa nimeona tumbo la mwewe tu. "Nini?" Magokoro akauliza. "Mwewe." "Nimeona," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Tulifika kileleni, na magharibi kulikuwa na wingu tupu. Jeupe, zito, limeziba kila kitu. Baba aligeuka hadi kiti kikaelekea upande wa ziwa, uso wake ukabaki umetazama mwamba, akasimama. Mama akamwambia, "Mshushe upumzike." Baba akatikisa kichwa. Pembezoni mwa kilele kulikuwa na vichaka, na mtu akikaa chini angeona vichaka tu. "Akishuka hataona," akasema. Basi tukangoja. Upepo ulipeperusha gauni la bibi. Magoti ya Baba yalianza kutetemeka, kwanza moja, kisha yote, na jasho lilishuka puani na kudondoka kwenye mwamba. Mama mdogo akaanza kulia. "Mwambie basi," Magokoro akasema, "turudi. Inatosha." Nikamwambia. Baba, bila kuinua kichwa, akasema, "Mwambie asiharakishe. Mimi sijachoka." Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wangu, na ni uongo wa kwanza niliousikia nikatamani kuutunza.

Wingu halikuondoka. Lilipasuka. Pakatokea mwanya, na ndani ya mwanya huo pakawa na mstari mweupe, mrefu, umewekwa kati ya nchi na mbingu. Kisha jua likaupata, ukawaka wote kama bati jipya. Magokoro alifunika jicho la kulia kwa kiganja ijapokuwa halikuwa linaona, akasogeza uso mbele. "Ile nyeupe," akasema, "ndiyo maji?" Nilifungua mdomo nimjibu, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

"Ndiyo, Mama," Baba akasema, akiutazama mwamba.

"Unajuaje na wewe unaangalia mawe?"

Baba akacheka. Kiti kizima kikatikisika, bibi akashika mikanda, naye akacheka, na wote wawili walikuwa wanacheka wakitazama pande tofauti za dunia. "Geuka na wewe uone," bibi akamwambia. "Nikigeuka utayakosa." "Mimi nimeona, mwanangu. Geuka." Baba akageuka, polepole, akaliona ziwa, na Magokoro, akiwa sasa ametazama mwamba, alisema peke yake, "Kwa hiyo hakunidanganya. Na mimi nilimtukana."

Tulishuka kabla ya mvua. Wanawake wa kituoni walipotuona walisimama kando ya njia, wakaweka vikapu chini, wakatupisha. Jioni ile Baba alichukua sahani yake akaenda kula barazani kama kawaida, na Magokoro alipotoka kumwaga maji, Baba akageuka akatazama ua. Alinituma nimuulize bibi kama miguu inamuuma. Bibi alinituma na maziwa. Siku hizi, akiwa gizani, Magokoro huwasimulia wageni ziwa lile hadi rangi yake, na mgeni akitilia shaka huambiwa akamuulize mkwe wake, kama anaweza kumpata akiwa ametulia mahali pamoja. Mimi bado nafanya mizaha. Lakini kuna sehemu ya kifua changu ambayo tangu siku hiyo haichekwi, na sijawahi kumwonyesha mtu ilipo.

Jioni hiyo hiyo Mama aliniita jikoni. Nilikwenda nikiwa nimekaza mashavu, maana nilijua nimelipata kofi langu na nilijua nimelistahili. Alikuwa anachemsha maji ya chumvi ya kumkanda Baba mabega, mahali mikanda ilipochuna ngozi. Hakunishika, wala hakunitazama. Alitumbukiza kidole kwenye sufuria, akakitoa, akafuta macho kwa kiwiko, akasema:

"Miaka hii yote nilidhani baba yako anamheshimu bibi tu. Peleka haya maji kabla hayajapoa."